Naanguka katika dhambi ileile kila baada ya wiki mbili. Je, Mungu ameniacha?

"Nimeokoka miaka saba sasa. Kila baada ya wiki mbili au tatu naanguka katika dhambi ileile: kutazama picha za ngono kwenye simu, usiku, mke wangu akiwa amelala. Nikishaanguka nalia, nafunga siku tatu, naweka nadhiri kwamba sitarudia. Nimefuta kila kitu kwenye simu mara nyingi. Niliombewa nikaambiwa ni pepo, nikatoka pale mwepesi kabisa, siku kumi na moja baadaye nikarudi kulekule. Naimba kwaya, na mara nyingine naongoza sifa. Nasimama mbele za watu najiona mnafiki. Nikisoma 1 Yohana 3:9 naogopa kwamba sijazaliwa mara ya pili. Mke wangu hajui. Je, Mungu ameniacha? Kuna nini ambacho sijafanya?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu kwa pamoja, na yakiachwa yamefungamana hivyo hakuna litakalojibika. La kwanza ni kama wewe ni wake Bwana kweli. La pili ni kwa nini bidii yote hiyo haizai matunda. La tatu hukuliuliza wazi, lakini limo katika kila mstari: siri hii nimwambie nani?

Tuanze na andiko linalokutisha. 1 Yohana 3:9 inasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, wala hawezi kutenda dhambi. Ukiisoma peke yake inakata kama panga. Lakini waraka huohuo, sura mbili tu nyuma, unasema, "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe," na sura ya pili inaanza kwa kumtaja Mwombezi kwa ajili ya muumini atakayetenda dhambi. Yohana hakusahau alichoandika ukurasa uliotangulia. Katika Kiyunani, kitenzi cha 3:9, kwa wafasiri wengi, kinabeba maana ya mwendo unaoendelea, mtu kuifanya dhambi kuwa njia yake ya maisha. Tena Yohana alikuwa anawaonya wasomaji kuhusu watu waliodai kumjua Mungu huku wakiona dhambi si kitu. Swali la andiko hilo, basi, ni kama umefanya amani na dhambi. Barua yako ni ya mtu aliye vitani nayo, na maiti hapigani.

Hata hivyo sitaki ukimbilie upande wa pili na kuigeuza Warumi 7 kuwa mto wa kulalia. "Lile jema nilipendalo, silitendi" ni maneno ambayo wengi huyanukuu ili wasibadilike. Wafasiri wamebishana kwa karne nyingi kama Paulo hapo anaeleza mtu aliye chini ya sheria kabla ya Kristo, au muumini. Augustino wa Hippo, askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, mwenyewe alianza na maoni ya kwanza, akaishia na ya pili. Huhitaji kuumaliza ubishi huo ndipo ujue hali yako, kwa sababu Wagalatia 5:17, iliyoandikwa kwa waumini, inasema waziwazi kwamba mwili hutamani ukishindana na Roho, na Roho kushindana na mwili. Mapambano ni sehemu ya maisha ya aliyeokoka. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti, mwaka 1517, ilikuwa kwamba maisha yote ya muumini yawe ya toba. Kwa hiyo, miaka saba ya wokovu haikupi haki ya kutoshambuliwa.

Kosa lingine dogo linaharibu mengi: kuhesabu jaribu kuwa dhambi. Waebrania 4:15 inasema Kristo alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Wazo likipita kichwani saa nne usiku, hujaanguka bado. Asiyelijua hili hujiambia, "Nimeshawaza, nimeshachafuka, basi nimalize tu," na sentensi hiyo moja huwaangusha watu wengi kuliko tamaa yenyewe. Nakuomba uichunguze kama imo kinywani mwako.

Sasa tuingie kwenye namna jambo lenyewe linavyotokea, maana hapa ndipo nadhani unapigana mahali pasipo vita.

Yakobo 1:14-15 inaeleza mlolongo. Mtu huvutwa na kudanganywa na tamaa yake mwenyewe, tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi, dhambi ikikomaa huzaa mauti. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "kudanganywa" ni la wavuvi na wawindaji: kunasa kwa chambo. Samaki hanaswi siku anapovutwa juu ya maji. Amenaswa alipoumeza mdomo wa ndoana, na kabla ya hapo aliona chambo, akakizunguka, akakaribia. Wewe unaweka nguvu zako zote pale unapovutwa juu ya maji.

Tazama 2 Samweli 11 polepole, maana huwa tunairukia na kufika kitandani. Ni majira ambayo wafalme huenda vitani, Daudi amebaki Yerusalemu. Jioni anainuka kitandani, anatembea juu ya dari. Anaona. Hadi hapo bado hajafanya neno. Kisha anatuma mtu kuuliza habari za yule mwanamke, na anajibiwa kwamba ni mke wa Uria. Jibu hilo lilikuwa mlango ulio wazi kabisa wa kutokea. Anatuma wajumbe tena, safari hii kumleta. Hesabu milango aliyoipita: kubaki nyumbani bila kazi, kuendelea kutazama, kuuliza, kusikia jina la mume na kutosita. Kila mlango ulikuwa mzito zaidi kuusukuma kuliko uliotangulia. Ahadi ya 1 Wakorintho 10:13 kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya mlango wa kutokea ni ya kweli, ila watu wengi huutafuta mlango wakiwa wamefika chumba cha mwisho.

Kwa hiyo kaa chini urudi nyuma kutoka saa ya kuanguka. Sema ni saa tano na nusu usiku, simu iko mkononi. Saa nne ulikuwa wapi? Umebaki peke yako sebuleni, unapitiapitia video zisizo na kichwa wala miguu. Saa mbili? Pengine wewe na mke wako mmejibizana mkanyamaza. Mchana? Umedharauliwa kazini, au umemaliza kazi nzito na mwili umeisha. Washauri wengi hutaja hali nne zinazofungua mlango: njaa, hasira, upweke na uchovu. Mimi ningeongeza ya tano, ambayo waimbaji na wahubiri wanaijua: utupu unaokuja baada ya ibada kubwa, mtu aliyemwaga kila kitu akirudi nyumbani na nafsi kavu.

Mwili una kumbukumbu. Umeufundisha kwa miaka kwamba ukichoka au ukiumia, dawa ni hii: dakika chache za msisimko, kisha ganzi. Jambo likirudiwa mahali pamoja, saa ileile, kwa hisia ileile, ubongo huacha kuuliza ruhusa. Ndiyo maana unashangaa kujikuta umeshafungua kabla hujaamua. Uliamua zamani, mara nyingi, na uamuzi ukawa njia iliyokanyagwa. Hilo halikuondolei hatia, lakini linaeleza kwa nini machozi peke yake hayafuti njia. Njia hufutika kwa kuacha kupitwa na kwa kukanyaga nyingine.

Ukilijua hili, utaona kwa nini silaha ulizozitaja zimekuwa butu.

Nadhiri ya "sitarudia kamwe" inakupa ahueni ya usiku mmoja, na Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Ukiivunja, unabeba dhambi mbili badala ya moja, na aibu inakuwa maradufu. Kufunga siku tatu baada ya kuanguka kunanitia wasiwasi zaidi. Kufunga ni jambo jema, ila ukikutumia kama faini, umeacha msalaba na kuanza kulipa mwenyewe. Na angalia kinachofuata: siku ya nne uko na njaa, umechoka, na ndani yako kuna sauti inayosema deni limelipwa. Hali mbili kati ya zile tano umezitengeneza kwa mkono wako. Funga ukiwa umesimama, kama mazoezi ya kuuambia mwili "hapana" katika jambo dogo, na usifunge ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuanguka.

Kufuta vitu kwenye simu ukiwa na majuto hakuna madhara, lakini hakuna faida ndefu pia. Ulichofuta kinapatikana tena kwa dakika moja.

Kuhusu pepo nitasema kwa uangalifu. Biblia inazijua nguvu za giza, na sijui yaliyotokea siku ile ulipoombewa. Lakini Wagalatia 5:19 inaweka uasherati na ufisadi katika orodha ya matendo ya mwili, na Wakolosai 3:5 inaamuru tuvifishe viungo vyetu vilivyo katika nchi. Pepo hutolewa, mwili hufishwa, na kufisha huchukua muda. Anayemwombea mtu mwenye mazoea ya miaka mingi akamwacha aende bila mpango wowote amemfanya kama ile nyumba ya Mathayo 12:43-45, iliyofagiwa na kupambwa, lakini tupu. Siku zako kumi na moja ndizo hizo.

Fanya hivi badala yake. Kwa wiki mbili weka daftari dogo. Kila tamaa inapokujia, umeanguka au hukuanguka, andika saa, mahali, ulivyojisikia, na lililotokea saa tatu zilizotangulia. Usiandike ulichotazama, kwa sababu maelezo hayo huamsha tamaa upya. Wiki mbili zikiisha utaona mpangilio, na mara nyingi huwa mfupi kuliko ulivyodhani: saa moja au mbili za siku, mahali pamoja, hisia moja au mbili.

Kisha jenga ukuta mapema, saa mbili kabla ya saa yako ya hatari. Ikiwa ni saa tano, basi saa tatu simu inatoka mkononi na kulala chumba kingine ikichaji. Nunua saa ya kengele ya kukuamsha, ili kisingizio cha alamu kife. Weka kichujio cha intaneti, na nywila yake aiweke mtu mwingine, kwa sababu kichujio ambacho wewe ndiye unakifungua ni pazia tu. Usikitegemee kama tiba. Kazi yake ni kukununulia dakika tano za kuwaza. Na ulale wakati uleule anapolala mke wako. Najua ushauri huo unaonekana mdogo kwa mtu aliyekwisha kufunga siku tatu tatu, lakini Naamani, yule jemadari mwenye ukoma, naye aliudhika alipoambiwa aoge tu mtoni.

Tamaa ikija licha ya hayo, usibaki umelala ukibishana nayo. Inuka, washa taa, toka chumbani. Itaje kwa jina kwa sauti ndogo: "Hii ni tamaa, nimeudhika tangu mchana." Omba sala ya mistari miwili, usijaribu sala ndefu. Mpigie au mwandikie yule mtu nitakayemtaja hapa chini. Tamaa isiyolishwa hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, na kila mara ukiiacha ishuke bila kuilisha, inayofuata hukuta njia imeota majani kidogo. Watu hupenda kumtaja Yusufu aliyekimbia akaacha vazi lake, katika Mwanzo 39:12. Rudi mistari miwili nyuma: yule mwanamke alimsemesha siku baada ya siku, naye alikataa kulala naye, hata kukaa naye. Mbio za siku ile zilikuwa na mazoezi nyuma yake.

Na uwe na kitu cha kuweka pale ulipoondoa. Waefeso 4:28 haimwambii mwizi aache kuiba halafu basi. Inamwambia afanye kazi kwa mikono yake, apate kumgawia mhitaji, mkono uleule ukipewa shughuli mpya. Kama uchovu ndio mlango wako, unahitaji pumziko la kweli. Kama ni hasira ya nyumbani, unahitaji kujifunza kumaliza neno na mke wako kabla ya kulala, jambo ambalo hakuna kichujio kitakalokufanyia.

Sasa tuseme umeanguka tena. Hapa ndipo ningependa ubadilike kwanza, hata kabla ya daftari. Kwa sasa, kati ya kuanguka na kurudi kwako kwa Mungu kuna siku tatu au nne za kujitenga, kujichapa na kujificha. Siku hizo unaziita toba. Nyingi ni aibu, na aibu ni upweke na uchovu vikiwa vimevaa kanzu. Vinakuandalia anguko linalofuata. Paulo anatofautisha huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu na huzuni ya dunia katika 2 Wakorintho 7:10. Petro na Yuda wote wawili walijuta usiku na asubuhi zilezile. Mmoja alirudi.

Kwa hiyo, saa ileile, kabla hujalala, ungama kwa jina: usiseme "unisamehe makosa yangu", sema ulichofanya. Shika 1 Yohana 1:9, kwamba yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Haki hapo ni neno zito, maana deni limekwisha kulipwa na Mwana wake. Andika katika daftari mlango ulioupitia. Mwambie yule mtu ndani ya saa 24. Asubuhi omba na usome kama siku nyingine, bila adhabu na bila kususa. Mtu atakayesema kwamba njia hii inarahisisha dhambi, mwonyeshe Warumi 6:1-2, Paulo aliulizwa hilohilo akajibu, "Hasha!" Anayerudi upesi huku akijenga ukuta hachezi na neema. Anayepanga dhambi huku amepanga na toba yake, huyo ndiye anayecheza, na wewe pekee unajua uko wapi.

Usihesabu siku tangu ulipoanguka tu. Aliyekaa siku 40 akaanguka moja hajarudi sifuri. Hesabu pia umbali kati ya anguko na anguko, na ulichukua muda gani kurudi.

Yule mtu sasa. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi zetu. Mtafute mwanamume aliyekomaa, asiyetoa siri, asiyeshtuka, na ambaye hayumo katika shimo hilohilo kwa sasa, maana wawili waliozama hufarijiana bila kutoka. Kama kanisa lako lina kitubio, kitumie, lakini bado umpate mtu wa kukutana naye kila wiki. Maswali matatu yanatosha: Umeanguka? Mlango ulikuwa upi? Wiki hii kuna siku gani ya hatari?

Mke wako. Washauri hawakubaliani hapa, na nitakupa maoni yangu. Ana haki ya kujua, kwa kuwa jambo hili limo ndani ya ndoa yake, na akiligundua mwenyewe jeraha huwa kubwa zaidi. Lakini usimwamshe saa sita usiku umwage kila kitu ili wewe upate kulala. Huo ni kuhamisha mzigo. Zungumza kwanza na yule mtu, anza mpango, kisha mwambie mchana, mkiwa na muda, bila kueleza picha zenyewe, na bila kumdai msamaha siku hiyo. Hili ni suala la wiki chache, lisiwe la miaka. Atakasirika, na ana sababu. Naye atahitaji mwanamke mwenye busara wa kuzungumza naye, asiwe wewe tu. Ikiwa kuna mtu halisi ulikutana naye kimwili, usingoje: pima afya na umwambie mke wako kabla ya kukutana naye tena kimwili.

Kwaya ni jambo fupi. Mnafiki ni anayeigiza kwamba hana tatizo na hataki kupona. Hata hivyo usijiamulie peke yako, ama kubaki ama kuacha. Mwambie kiongozi mmoja anayehusika, umwachie aamue. Akikupumzisha miezi michache, hasa kuongoza, usiichukue kuwa hukumu.

Kuna hali ambazo barua haitoshi. Ikiwa picha hizo zinahusu watoto, acha leo na utafute mtaalamu leo. Kuna watoto wanaoumizwa, na ni kosa la jinai katika nchi nyingi mno. Ikiwa unapoteza saa nyingi kila siku, kazi inaharibika, au unahitaji vitu vikali zaidi ili usisimke, tafuta mshauri aliyefunzwa mambo ya uraibu. Ikiwa uliguswa vibaya ulipokuwa mtoto, mzizi huo unahitaji mikono yenye ujuzi. Ukiungama dhambi moja mara kumi na bado husikii kusamehewa, au mawazo ya kukufuru yanakujia bila kuyataka, inawezekana ni waswasi wa kiafya, ambao daktari wa akili anautibu. Na ukianza kuwaza kwamba ni heri ufe, usilale peke yako usiku huo. Mwamshe mtu, nenda hospitali. Kumwona daktari hakupunguzi imani yako.

Ukikosa kabisa mtu wa kuaminika kanisani kwako, mtafute mchungaji wa kanisa jingine asiyekujua. Unaweza kuanza kwa sentensi moja tu: "Nina dhambi ninayorudia, nahitaji mtu wa kuniuliza kila wiki." Mengine atakuuliza yeye.